Je, wajua kwa nini santuri hii ya vita haina mwimbaji?

Mei 2012, wanamuziki wawili wa London wanaojiita Public Service Broadcasting walitoa The War Room kupitia lebo yao wenyewe. Ni santuri fupi ya nyimbo 5 kuhusu Vita Kuu ya Pili: kuna ngoma, gitaa, banjo na kompyuta, lakini mwimbaji hayupo. Sauti za watu zimetolewa kwenye filamu za wakati wa vita, zilizohifadhiwa na BFI, taasisi ya filamu ya Uingereza. Kwa nini wasiimbe wenyewe?

Sikiliza “London Can Take It”. Anayezungumza ni Quentin Reynolds, mwandishi wa habari Mmarekani, katika filamu ya 1940, mwaka ambao London ilipigwa mabomu usiku 57 mfululizo kuanzia Septemba 7. Marekani ilikuwa haijaingia vitani, na Waingereza walitaka Wamarekani wasimuliwe na mwenzao. Reynolds anasema taratibu, kwa sauti nzito, bila kupaza. Mwimbaji wa leo angelazimika kuigiza utulivu ule, na sikio lingemkamata mara moja.

Sababu nyingine imo kwenye sauti yenyewe. Filamu za enzi zile zilinakili sauti kwa mwanga, kwenye ukanda mwembamba kando ya picha. Besi ilibaki haba na sauti za juu kabisa zilipotea. Kwa mtengeneza muziki hiyo ni neema: chini pana nafasi ya ngoma, juu pana nafasi ya matoazi, na msemaji anabaki katikati bila kusongwa na mtu.

Kazi ngumu ni mdundo, maana msimulizi wa filamu hakuwa akifuata ngoma yoyote. Maneno yake hukatwa vipande, kila kipande kikasogezwa mpaka kikae sawa na pigo. Anaponyamaza, ala zinamjibu.

Ninaoupenda zaidi ni “Spitfire”. Maneno yake yanatoka kwenye filamu ya 1942 kuhusu R. J. Mitchell, mbunifu wa ndege ya kivita ya jina hilo, iliyoruka mara ya kwanza Machi 1936. Mitchell wa filamu, aliyeigizwa na Leslie Howard, anawatazama ndege wa angani na kuona jinsi wanavyotushinda kuruka. Kwetu neno ni hilo hilo, sarufi tu ndiyo inayotenganisha: ndege anaruka, ndege inaruka. Gitaa linapoingia kwa kasi, ni huyu wa kwanza anayegeuka kuwa ile ya pili.