Oili nyeupe haimaanishi giaboksi imekufa

Wengi huamini kwamba oili ya giaboksi ya injini ya boti ikitoka nyeupe kama maziwa, giaboksi imekwisha na lazima inunuliwe nyingine. Weupe huo ni maji yaliyochanganyika na oili. Mara nyingi yamepita kwenye sili (mpira unaozuia maji kuingia) iliyochakaa, hasa ya shafti ya propela, ambako mshipi wa kuvulia ukijisokota huikata. Wakati mwingine ni washa ndogo tu, yaani pete bapa za kuziba, za skrubu za oili.

Injini ikiwa imezimwa na kupoa, fungua skrubu ya chini, kisha ya juu, oili imwagike kwenye beseni. Kama skrubu ina sumaku, itazame: uji laini wa kijivu ni uchakavu wa kawaida. Vipande vya chuma unavyovihisi vidoleni ni jambo jingine. Huenda gia au beringi zinavunjika, na hapo giaboksi iliyotumika yaweza kuwa nafuu kuliko matengenezo. Ila linganisha modeli na uwiano wa gia (injini huzunguka mara ngapi propela ikizunguka mara moja) kabla ya kulipa.

Nakusihi usiendelee kusafiri na oili yenye maji, maana beringi hushika kutu. Ukishabadilisha sili, jaza oili mpya kupitia tundu la chini hadi itokee juu, hewa isibaki ndani.