Mtapo Bustanini na Ini la Mbwa

Katika mimea yote ya mapambo ninayoikuta kwenye nyua za Pwani ninapoitwa kumtazama mbwa aliyekula kisicholiwa, unaonitia hofu kuliko mingine ni mtapo, ule unaofanana na mnazi mfupi wenye majani magumu, ambao wengi huununua kwenye vitalu vya miche kwa kuwa hustahimili jua na hauhitaji kuangaliwa sana. Sumu yake, iitwayo sikasini, imo tangu mizizi hadi majani, lakini imejaa zaidi katika mbegu, na mbegu moja au mbili zaweza kumwua mbwa.

Kinachowaponza wenye mbwa ni mwendo wa sumu hiyo. Saa chache baada ya kula, mbwa hutapika na kulegea. Kisha pengine hutulia, akanywa maji na kutikisa mkia, nao wakadhani amepona, ilhali ini linaendelea kuharibika. Niliwahi kuletewa mbwa wa miezi mitano siku ya tatu: fizi zilikuwa na rangi ya bizari, ngozi ya tumbo ina madoa ya damu, na nyuzi za ganda la mbegu zilikuwa zingali zimenasa kwenye magego. Hakufika asubuhi.

Nyumbani alikuwa amepewa maziwa. Maziwa hayaondoi sumu hii. Wala usimnyweshe mafuta ya kupikia au chumvi: mafuta huweza kuingia mapafuni, na chumvi yenyewe ni sumu kwa mbwa. Mpeleke kwa daktari wa mifugo mara moja, hata kama haonyeshi dalili yoyote, ukichukua na kipande cha mmea, kwa sababu kumtapisha hufaa zaidi katika saa mbili za mwanzo, na baada ya hapo hutegemewa zaidi mkaa wa dawa, dripu na kupima ini kwa siku kadhaa.

Mbarika nao ni hatari, hasa mbegu zake zikitafunwa. Utomvu wa mnyaa huunguza kinywa na macho, ingawa ni nadra kuua.

Kuokota mbegu za mtapo zilizoanguka husaidia, lakini hakutoshi penye mbwa mchanga anayefukua mizizi. Mimi hushauri ung'olewe, na anayependa umbo lake apande mnazi mfupi mahali pake.