"Tatizo lao ni elimu tu" na dhana nyingine potofu kuhusu utafiti wa kitaamuli

Andiko la utafiti la namna hii nimelisoma mara nyingi mno: wajawazito wa mitaa duni hawahudhurii kliniki kwa kukosa uelewa, hivyo tutawahoji kisha tutatoa elimu. Afua, yaani hatua ya kutatua tatizo, imeshaamuliwa, fedha za vipeperushi zimeshatengwa, na akina mama wanatafutwa kwa ajili ya nukuu za kupamba ripoti.

Kama jibu unalo tayari, usiwasumbue watu. Utafiti wa kitaamuli wa kimaelezo, yaani ule unaosikiliza masimulizi ya watu na kuyaeleza kwa maneno yaliyo karibu na yao badala ya kuhesabu, unafanywa kwa sababu hatujui. Chukua kliniki za wajawazito hapa Tanzania. Hudhurio la kwanza mama huhimizwa aje na mwenza wake ili wote wapimwe VVU. Nia ni njema, lakini pamekuwa na vituo ambako aliyekuja peke yake anaambiwa akalete kwanza barua ya mwenyekiti wa mtaa. Sasa mfikirie binti aliyekimbiwa na mwenye mimba, au mama lishe ambaye mumewe yuko machimboni. Faida za kliniki anazijua fika. Kilichomrudisha nyumbani ni barua. Kipeperushi kitamsaidia nini?

Na hutalisikia hilo ukimuuliza, "Kwa nini hukuhudhuria?" Swali hilo lina lawama ndani yake. Mtu aliyezoea kufokewa, akiulizwa na mgeni mwenye kitambulisho shingoni, atajibu "sikujua" ili yaishe, nawe utaandika "uelewa mdogo". Weka hivi kwenye mwongozo wako wa mahojiano: "Nisimulie siku uliyokwenda kliniki, tangu ulipotoka nyumbani." Kisha nyamaza. Barua, nauli, foleni, nesi aliyemkaripia, vyote vitatoka, na kila kimoja kina afua yake: maelekezo kwa watoa huduma, saa za kliniki, kikao na serikali ya mtaa.

Dhana nyingine: "Kuhoji watu 15 ni wachache." Wachache kwa kazi gani? Hapa hatukokotoi asilimia. Mwaka 2006 watafiti Guest, Bunce na Johnson walichambua mahojiano 60 ya wanawake wa Ghana na Nigeria, wakakuta mada nyingi zilishajitokeza kufikia mahojiano ya 12. Ila wale walikuwa na hali zinazofanana. Ukichanganya wahamiaji, wenye ulemavu na vijana, ongeza watu.

"Kimaelezo maana yake hakuna uchambuzi." Margarete Sandelowski, mtafiti wa uuguzi, aliutetea usanifu huu wa utafiti mwaka 2000, na mwaka 2010 akasisitiza tena kwamba hakuna maelezo yasiyo na ufasiri. Unasimba (unavipa vipande vya masimulizi majina ya mada zake), unalinganisha, unamtafuta anayepingana na wenzake. Unachojizuia ni kuruka mbali na maneno ya msimuliaji.

"Mahojiano yote yatafsiriwe Kiingereza ndipo tuchambue." Hapana. Kama mama kasimulia kwa Kiswahili, nukuu kwa Kiswahili, simba kwa Kiswahili, na utafsiri vile vipande utakavyochapisha tu.