Seli za mtu hazina ukuta

Juzi, kwenye duka moja la dawa pale Kadutu, mjini Bukavu, nilimsikia muuzaji akimwambia mama mwenye mtoto mgongoni: “Mama, hii amoksisilini itaimarisha ukuta wa seli za mtoto.” Nilinyamaza, foleni ilikuwa ndefu. Lakini wanafunzi nao huniandikia “ukuta” hivyo hivyo kila mwaka, hadi uvumilivu umeniisha.

Seli, au chembe hai, ndiyo sehemu ndogo kabisa ya kiumbe yenye uhai wake. Kila seli ina utando, yaani ngozi laini ya mafuta ya tabaka mbili, inayochagua kiingie nini na kitoke nini. Ukuta ni kitu kingine, kigumu, na hukaa nje ya utando. Mimea inao wa selulosi, uyoga wa kitini, na bakteria wengi wana wao. Wanyama hawana, na mtu kwa hesabu hii ni mnyama.

Kosa hili lina babu yake. Mwaka 1665, huko London, Robert Hooke alikata kipande chembamba cha gome linalotengenezewa vizibo vya chupa, akakitazama kwa hadubini. Akaona vijumba vitupu vimebanana kama sega la nyuki, akavipa jina kutokana na neno la Kilatini la chumba kidogo, cella. Lakini gome lile lilikuwa limekufa zamani. Uhai ulishatoka, zimebaki kuta. Ni kama kuipa familia jina la nyumba iliyokwisha kuihama! Kifaransa nacho kikalichukua, na cellule tunayofundishwa shuleni ndiyo hiyo hiyo ya mfungwa. Nani atafikiria chumba cha mfungwa kisicho na ukuta?

Mwenye shaka atwange sombe, yaani majani ya muhogo. Ule ukaidi wa majani kwenye kinu, hasa yaliyokomaa, ni kuta za selulosi zinazokataa kuvunjika. Zikivunjika, kimeng’enya (protini inayochochea mabadiliko ya kemikali) kilichokaa ukutani hukutana na kemikali iliyofichwa ndani ya seli, na sumu ya sianidi huanza kutoka. Kwa hiyo kutwanga na kuchemsha kwa muda mrefu, ili sumu hiyo itoke kwenye chakula, si mapambo ya upishi. Damu ni mambo mengine kabisa. Seli nyekundu, upana wake mikromita 7 hivi (sehemu saba za elfu moja za milimita), hujikunja ikapenya kamshipa chembamba kuliko yenyewe. Ingekuwa na ukuta ingekwama pale pale.

Amoksisilini ni ya ukoo wa penisilini. Huwazuia bakteria kujenga ukuta wao, maji yakawaingia, wakavimba na kupasuka. Seli zetu hupona kwa sababu hazina ukuta wa kuharibiwa. Mafua ya virusi haiyawezi, kwani virusi si seli hata kidogo.

Basi, kaka yangu wa duka la dawa, siku nyingine mwambie mama hivi: “Dawa hii inaharibu ukuta wa bakteria. Seli za mtoto hazina ukuta.” Maneno ni karibu yale yale, umebadilisha mwenye ukuta, na kuimarisha kumekuwa kuharibu.