Jamani, acheni kufuta "wa"

Kila programu ya kuchanganua sentensi za Kiswahili ninayopewa niikague huanza vilevile: futa "wa", "ya", "cha", "la", eti ni maneno madogo yasiyobeba kitu. Kwenye mtambo wa kutafuta habari, sawa, futa. Kwenye sintaksia, yaani muundo wa sentensi, unachokifuta ndicho sarufi yenyewe.

Chukua "mlango wa chumba cha nahodha wa feri". Puuza ngeli, uiachie algoriti ya CYK, njia ya kompyuta ya kuchanganua sentensi kwa kuunganisha vipande, iunganishe kila fungu (kama "wa chumba") na nomino yoyote iliyotangulia bila matawi kukatana: utapata miti 5, yaani michoro 5 ya nini kinashikana na nini. Rudisha ngeli. "Cha" linakwenda kwa chumba tu, na "wa" la kwanza halina pa kushika ila mlango. Limebaki "wa" la mwisho, na hapo miti ni 2, maana mlango na nahodha wote huchukua "wa". Nahodha wa feri, au mlango wa feri? Abiria wa feri ya Likoni, Mombasa, hata hajiulizi. Kompyuta itahitaji takwimu za maneno yanayoandamana. Sasa andika "dirisha la chumba cha nahodha wa feri". Mti 1. Mnafuta hiyo?

Wengine hukisia ngeli kwa silabi ya mwanzo. Haya, nahodha ana kiambishi gani? "Kiboko kimepotea" ni cha kuchapia. "Kiboko amepotea", fungeni milango. Kamusi iwe na viboko viwili, mmoja na alama ya uhai. Na hata uhai hautoshi: katika "rafiki yangu amekuja", "yangu" linafuata ngeli ya N-, kitenzi kinafuata uhai. Nomino ikibeba ngeli moja tu, sentensi halali itakataliwa. Wekeni nafasi mbili, moja ya vimilikishi.

Tokeni, yaani kukata sentensi iwe maneno: kialama cha "ng'ombe" huja kama U+0027 (kilichonyooka) au U+2019 (kilichopinda), namba za herufi kwenye kompyuta. Kisawazisheni kwanza, la sivyo ng'ombe atakatwa vipande viwili. Kasi: sentensi ikirefuka mara 2, CYK hufanya kazi mara 8. Kwa sentensi za kawaida si tatizo.

Kinachonisumbua ni ukali. Watu huandika "kitabu yangu" kwenye simu, na wa Mvita, Mombasa, huandika "yuwaja" kwa "anakuja". Ukifunga upatanisho kwa kufuli, hupati mti hata mmoja. Ukiulegeza uwe adhabu ya alama, miti ya ovyo inarudi. Magazeti nayafungia. Jumbe nazipunguzia alama, na kiasi cha kupunguza napapasa tu.