Maji yaliyojificha, hewa iliyojificha

Vijana wanaoanza kazi maabara hushtuka wakipata unyevu wa udongo umevuka asilimia 100. Hudhani wamekosea hesabu. Hawajakosea: sisi wa udongo hugawa uzito wa maji kwa uzito wa udongo mkavu, si kwa uzito wa sampuli nzima. Tope la kinamasi laweza kubeba maji yenye uzito kuliko chembe zake zenyewe.

Chukua kopo tupu pamoja na kifuniko chake, gramu 20.10. Ukitia udongo mbichi linafika 62.48. Lilaze kwenye oveni usiku kucha, kifuniko wazi, kwa nyuzijoto 105 hadi 110. Asubuhi lipoe ndani ya chombo cha kukaushia kilichofunikwa, maana udongo mkavu ukiachwa mezani hunyonya unyevu wa hewani. Sasa ni 48.60. Maji ni 13.88, udongo mkavu 28.50, unyevu ni asilimia 48.7.

Ila si kila udongo uaminiwe kwa joto hilo. Udongo mwekundu wa volkano wa nyanda za juu za Kenya mara nyingi una madini ya haloisaiti, yenye maji katikati ya matabaka yake. Maji hayo ni sehemu ya muundo wa madini, lakini huanza kutoka hata kabla ya nyuzijoto 60. Oveni huyafukuza, nasi tunayahesabu kama unyevu. Udongo wa bwawa la Sasumua, huko huko Kenya, ambao mhandisi wa udongo Karl Terzaghi aliuandikia makala mwaka 1958, ulijulikana kwa tabia zisizolingana na vipimo vyake vya kawaida, na madini hayo yalikuwa kiini cha jambo. Kwa hiyo udongo mwekundu naugawa mara mbili: kopo moja nyuzijoto 105, jingine zisizozidi 50 mpaka uzito usimame. Majibu yakipishana sana, nafuata la joto dogo.

Uzito mahususi nao unatuambia chembe za udongo ni nzito mara ngapi kuliko maji ya ujazo uleule. Kwatzi, madini ya kawaida ya mchanga, ni 2.65, madini ya chuma huupandisha, mboji huushusha. Hapa adui ni hewa. Chupa ikijaa maji peke yake ina gramu 78.10. Nikitia gramu 10.00 za udongo mkavu kisha nikaijaza maji, inasoma 84.42. Udongo umesukuma nje gramu 3.68 za maji, na 10.00 kwa 3.68 ni 2.72. Viputo vya hewa vikibaki mahali pa maji na mizani ikasoma 84.20, jibu linaanguka hadi 2.56. Gramu 0.22 tu!

Kwa hiyo siharakishi pampu ya kufyonza hewa. Nafyonza, natikisa chupa taratibu, nafyonza tena, hadi nisione hata kiputo kimoja kikipanda shingoni. Halafu naiacha ifikie joto la chumba kabla ya kupima. Chupa mbili za sampuli moja zikipishana zaidi ya 0.03, narudia zote.