Nusu omu iliyochoma soketi Mkomani

Wiki iliyopita bibi mmoja wa mtaa wa Mkomani, hapa Lamu, alinipigia simu asubuhi mapema. "Mwanangu, soketi ya jikoni yanuka kuungua. Lakini birika lachemka kama kawaida." Nikamwomba azime swichi, achomoe birika na asiiguse soketi ile mpaka nifike.

Hayo ya birika kuchemka kama kawaida ndiyo yaliyonitia wasiwasi. Birika likikataa kuchemka, mtu huita fundi siku hiyohiyo. Likichemka vizuri, soketi inaweza kujichoma miezi na miezi. Na nyumba zetu dari zake ni boriti za mikoko iliyokauka, tena vichochoro havipitishi gari la zimamoto.

Kijana ninayemfundisha kazi alitangulia kutoa mita na kuiweka kwenye omu, kipimo cha ukinzani, yaani jinsi kitu kinavyouzuia umeme kupita. Nikamzuia. Kwanza, mita iliyo kwenye omu haigusishwi kabisa na waya wenye umeme. Inaweza kuungua, na hata kumuumiza aliyeishika. Pili, hata umeme ukizimwa, ukinzani tunaoutafuta hapa ni mdogo mno. Vijiti vya mita ya bei nafuu na nyaya zake vyenyewe vina sehemu kadhaa za kumi za omu. Tatu, na hili ndilo kubwa, kiungo, yaani pale waya unapokutana na soketi, kikiwa kimepoa si sawa na kikiwa kinapitisha mkondo. Ukinzani wake wa kweli huupata kikiwa kazini: pima volti zinazopotea juu yake, pima ampea zinazopita ndani yake, kisha gawa.

Tulizima breka, tukaitoa soketi ukutani, tukawasha tena. (Hatua hii ni ya fundi aliyezoea. Usiijaribu nyumbani.) Nina ekstensheni fupi ya waya mnene niliyoitengeneza mwenyewe, waya wake wa laivu (unaoleta umeme) umetengwa na wa nyutro (unaourudisha), kwa sababu mita ya kubana, inayoukumbatia waya na kusoma ampea, ikizungushiwa nyaya zote mbili pamoja husoma sifuri: mkondo unaokwenda na unaorudi hufutana. Birika likawashwa. Nyuma ya soketi, zinapoingia nyaya za ukutani, mita ilisoma 232 V. Kwenye birika ilisoma 228 V. Mkondo ulikuwa 8 A.

Anza na birika. Ukinzani ni volti kugawa kwa ampea: 228 ÷ 8 = 28.5 omu. Nguvu ni volti mara ampea: 228 × 8 = 1,824 W. Birika limeandikwa 2,000 W kwa 240 V, na kwa volti hizi ndogo kiwango hicho ni sawa kabisa. Birika ni zima.

Sasa zile volti 4 zilizopotea. Niliweka kijiti kimoja kwenye waya wa laivu nyuma ya soketi na kingine upande wa laivu wa ekstensheni, nikazikuta zote hapo. 4 ÷ 8 = 0.5 omu. Nusu omu tu! Lakini 4 × 8 = 32 W, yaani joto la chuma cha kulehemu risasi, limefungiwa kwenye kipande cha shaba kisichozidi ncha ya kidole, ndani ya plastiki, mchana na usiku kila chai inapopikwa.

Nataka hili lieleweke vizuri: breka haitakuokoa hapo. Breka na fyuzi ya 13 A iliyo kwenye plagi huangalia wingi wa mkondo, na kiungo kibovu hakiuongezi mkondo, kinaupunguza kidogo. Mkondo ni 8 A, kila kitu kinaonekana salama.

Nusu omu hiyohiyo ukiitia kwenye pampu ya mashua, betri ya 12 V na mkondo wa 8 A, inameza volti 4 kati ya 12. Nahodha ataona mara moja pampu imelegea. Kwa 240 V upungufu huo unajificha. Ndiyo sababu wenye mashua husugua vichwa vya betri, na wenye nyumba hawajui kama skrubu za soketi zinaliwa na chumvi.

Balbu ya zamani ya waya, ya 60 W kwa 240 V, inafundisha jambo hilohilo la kupima kitu kikiwa kazini. Ikiwaka, mkondo wake ni 0.25 A, kwa hiyo ukinzani ni 960 omu. Ipime ikiwa baridi, utapata kiasi cha 70 hivi. Mita haijakosea, waya wa ndani ukipata joto ukinzani wake hupanda. Ohm mwenyewe, Mjerumani ambaye omu imepewa jina lake, aliyechapisha mwaka 1827 kanuni hii ya volti, ampea na ukinzani, aliachana na betri zilizoyumba akatumia jozi ya metali mbili, shaba na bismathi, ambayo hutoa volti viungo vyake vikiwa na joto tofauti: kiungo kimoja kwenye maji yanayochemka na kingine kwenye barafu, apate volti tulivu. Umeme wetu huyumba pia, kwa hiyo mimi hupima volti na ampea kwa wakati mmoja, mara mbili au tatu.

Kwa feni na friji, volti mara ampea haikupi wati halisi. Mota inataka hesabu ya ziada. Kwa birika, pasi na jiko la koili inatosha.

Nyuma ya soketi skrubu ya laivu ilikuwa imelegea na shaba imefanya kutu ya kijani. Tulikata waya mpaka tukafikia shaba inayong'aa, tukafunga soketi mpya, tukapima: 0.2 V kwa 8.1 A. Kama 1.6 W.

Kisha nikamwomba bibi ruhusa nipime soketi nyingine. Ya chumba cha upande wa bahari ilipoteza 1.5 V, yaani 12 W. Ilikuwa bado haijaanza kunuka. Tuliibadilisha siku hiyohiyo.